Kuishi karibu na hospitali si sawa na kupata upasuaji

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa zamu ya usiku katika hospitali moja ya wilaya, aliletwa mzee mmoja mkulima mwenye ngiri. Kwa msomaji asiyeifahamu, ngiri ni hali ambayo kipande cha utumbo hupenya kwenye sehemu dhaifu ya misuli, mara nyingi kinenani, na kutengeneza uvimbe. Mzee yule alikuwa nayo kwa miaka minane. Ilikuwa ikitoka anapobeba mzigo na kurudi anapolala, naye akaizoea. Siku tatu kabla ya kufika kwetu ilitoka ikagoma kurudi.

Kijiji chake kilikuwa umbali wa dakika 40 kwa bodaboda. Hakuchelewa kwa sababu ya barabara. Alichelewa kwa sababu alishaambiwa huko nyuma gharama ya kurekebisha ngiri, akaona asubiri mavuno. Mavuno yalipokuja yalikuwa na kazi nyingine, zikiwamo ada za shule. Hivyo miaka ikapita.

Alipofika utumbo ulikuwa umeshakufa. Alifanyiwa upasuaji saa nane usiku. Aliyeshika kisu alikuwa daktari msaidizi mwenye uzoefu wa miaka mingi, mimi nikiwa kijana wa kumshikia vyombo. Kwenye rejista ya chumba cha upasuaji tuliandika jina, umri, aina ya upasuaji na kwamba mgonjwa ametoka salama. Siku ya sita alifariki wodini, maambukizi yakiwa yameenea mwilini. Familia ilikuwa imeuza ng'ombe wawili.

Namkumbuka mzee yule kila ninaposoma takwimu za upatikanaji wa huduma za upasuaji. Sababu ni moja: kwa vipimo vingi tunavyotumia leo, mzee yule alihudumiwa vizuri. Aliishi karibu na hospitali. Hospitali ilikuwa na chumba cha upasuaji. Alipasuliwa na akatoka chumbani akiwa hai. Ukijaza fomu, kila kisanduku kinapata alama ya vema.

Wiki hii nataka tuzungumze kuhusu vipimo hivyo, kwa kuwa wakati wake umefika. Mpango wa kwanza wa Tanzania wa huduma za upasuaji, uzazi na ganzi ulikuwa wa mwaka 2018 hadi 2025, na muda wake umekwisha. Malengo ya kimataifa ya upasuaji yanaishia 2030. Yatakayoandikwa sasa kama vipimo vya mafanikio ndiyo yatakayofanyiwa kazi na kupewa fedha. Kisichohesabiwa, kwa kawaida, hakipewi bajeti.

Watu walewale, namba tatu

Tuanze na swali linaloonekana jepesi. Je, ni Waafrika wangapi wanaoweza kupata upasuaji wakiuhitaji?

Mwaka 2018 watafiti walichapisha katika jarida la Lancet Global Health orodha ya hospitali za umma 4,908 katika nchi na visiwa 48 vya Afrika kusini mwa Sahara. Wakapima muda wa safari kutoka kwenye makazi ya watu hadi hospitali iliyo karibu. Walikuta kuwa asilimia 29 ya watu, yaani takriban milioni 287, wanaishi zaidi ya saa mbili kutoka hospitali. Kwa hiyo asilimia 71 wako ndani ya saa mbili.

Mwaka huohuo, kundi jingine la watafiti lilifanya kazi inayofanana na hiyo, likitumia orodha yake ya hospitali kubwa za wilaya na mikoa. Lenyewe likapata kuwa asilimia 92.5 ya watu wa eneo hilohilo wako ndani ya saa mbili.

Miaka michache kabla yao, mwaka 2015, watafiti wengine waliuliza swali kwa namna tofauti. Hawakutazama umbali peke yake. Waliuliza: je, mtu anaweza kufika kwa wakati, akakuta wenye uwezo wa kumpasua, akapasuliwa kwa usalama, na asifilisike kwa gharama? Kwa kipimo hicho chenye masharti manne, zaidi ya asilimia 95 ya watu wa Afrika Mashariki, Kati na Magharibi hawana huduma ya upasuaji. Wanaoipata hawafiki watano katika kila mia. Kwa dunia nzima, wasioipata ni karibu watu bilioni tano. Kwa Ulaya Magharibi na Amerika Kaskazini, wasioipata hawafiki watano katika kila mia, yaani kinyume kabisa na sisi.

Asilimia 92.5, asilimia 71, chini ya asilimia tano. Hakuna mtafiti aliyedanganya hapo. Kila mmoja alipima kitu tofauti. Wawili wa kwanza walipima ukaribu wa jengo. Wa tatu alipima kama huduma iliyomo ndani ya jengo inamfikia mtu kweli. Tatizo linaanza pale kiongozi anapochagua namba inayopendeza na kuitangaza kana kwamba inajibu swali zima.

Vipimo vilitoka wapi

Kwa miaka mingi upasuaji ulionekana kuwa anasa ya nchi tajiri. Fedha za wafadhili na mipango ya wizara zilielekezwa kwenye malaria, kifua kikuu, Ukimwi na chanjo. Mwaka 1980, Halfdan Mahler, aliyekuwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), alisimama mbele ya madaktari wapasuaji nchini Mexico akawakumbusha kuwa watu wengi duniani hawana upasuaji wa aina yoyote. Ilichukua miaka 35 kabla dunia haijaweka vipimo vya pamoja.

Mwaka 2015 Kamisheni ya Lancet ya Upasuaji Duniani ilipendekeza vipimo sita. Cha kwanza, angalau asilimia 80 ya watu waweze kufika ndani ya saa mbili mahali panapofanyika aina tatu za upasuaji: wa kujifungua, wa kufungua tumbo, na wa kutibu mfupa uliovunjika na kutoboa ngozi. Aina hizo tatu zilichaguliwa kwa sababu hospitali inayoziweza kwa kawaida huweza na nyingine nyingi. Cha pili, wawepo wataalamu 20 wa upasuaji, uzazi na usingizi kwa kila watu 100,000. Cha tatu, ufanyike upasuaji 5,000 kwa mwaka kwa kila watu 100,000. Cha nne, kila nchi ihesabu vifo vya wagonjwa waliopasuliwa. Cha tano na cha sita vinahusu fedha: asiwepo mtu anayetumbukia katika umaskini au kubeba gharama ya kumwangamiza kwa sababu ya kupasuliwa.

Mei mwaka huohuo, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio namba 68.15 linalotaka upasuaji wa dharura na wa lazima, pamoja na huduma za ganzi, viwe sehemu ya afya kwa wote. Benki ya Dunia nayo ikaanza kuweka baadhi ya vipimo hivyo kwenye takwimu zake. Zambia, Ethiopia, Rwanda na Tanzania zikawa miongoni mwa nchi za mwanzo Afrika kuandika mipango ya taifa.

Hayo ni mafanikio makubwa na sitaki kuyabeza. Hata hivyo, katika malengo 17 ya maendeleo endelevu ya Umoja wa Mataifa, yenye shabaha ndogo 169, hakuna hata moja inayotaja upasuaji. Vipimo hivi sita ndivyo tulivyo navyo. Ndiyo maana ni lazima tujue vinaona nini na havioni nini.

Saa mbili za nani?

Kipimo cha saa mbili hakikuokotwa tu. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua, asipohudumiwa, anaweza kufariki ndani ya takriban saa mbili. Kwa hiyo muda huo una maana ya kitabibu.

Lakini saa hiyo huanza kuhesabiwa lini? Kwenye ramani ya kompyuta, safari huanza pale mtu anapotoka nyumbani, kwenye chombo cha moto, kwa mwendo uliokadiriwa kulingana na aina ya barabara. Ramani haimwoni mama anayesubiri mumewe arudi ndiyo ruhusa itolewe. Haioni kutafuta nauli kwa majirani saa saba usiku. Haijui kuwa mto umefurika Aprili, au kwamba dereva wa bodaboda ameogopa kubeba mjamzito anayevuja damu.

Utafiti uliofanyika Kirehe, mashariki mwa Rwanda, ulilinganisha muda uliokadiriwa na kompyuta na muda ambao akina mama waliojifungua kwa upasuaji walisema walitumia. Kompyuta ilikuwa imepunguza. Akina mama walitumia muda mrefu zaidi ya uliokadiriwa, na wengi huanza kwa kupita kituo cha afya kabla ya kupewa rufaa. Ukumbuke pia kuwa hao ni waliofika. Wasiofika hawakuhojiwa.

Kisha kuna muda baada ya kuvuka geti la hospitali. Wataalamu wa afya ya uzazi wamekuwa wakizungumzia ucheleweshaji wa aina tatu tangu miaka ya 1990: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Kipimo cha saa mbili kinagusa ule wa katikati tu. Mgonjwa anaweza kufika kwa dakika 50 na kusubiri saa sita kwa sababu mtaalamu wa usingizi yuko peke yake na yumo chumbani na mgonjwa mwingine, au damu ya kundi lake haipo, au umeme umekatika na jenereta halina mafuta.

Tanzania imejenga na kukarabati mamia ya vituo vya afya tangu 2017, vingi vikiwa na jengo la upasuaji. Ni hatua ya kupongezwa, na imewasogezea huduma wengi. Kila jengo jipya huongeza asilimia kwenye ramani siku linapozinduliwa. Lakini mgonjwa hatibiwi na ramani. Chumba cha upasuaji kinafanya kazi pale mpasuaji, mtaalamu wa usingizi, muuguzi, oksijeni, damu, maji na umeme vinapokutana kwa saa moja. Kikikosekana kimoja, chumba hicho kinabaki kuwa chumba tu.

Nani anahesabiwa kuwa mpasuaji?

Kipimo cha pili kinahesabu mabingwa. Utafiti mkubwa uliofanyika mwaka 2016 katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika, matokeo yake yakachapishwa 2018, ulikuta kuwa mabingwa wa upasuaji, uzazi na usingizi walikuwa 0.7 tu kwa kila watu 100,000. Lengo ni 20. Kwa lugha rahisi, tunahitaji karibu mara 30 ya tulionao.

Chuo cha Madaktari Wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini (COSECSA), chenye makao makuu Arusha, kimekuwa kikisomesha mabingwa wakiwa hukohuko hospitalini kwao, bila kuwapeleka ng'ambo. Kazi hiyo inazaa matunda. Hata hivyo, pengo hili halitazibwa ifikapo 2030, na kila anayeijua hesabu anajua hivyo.

Wakati huohuo, kuna watu wanaofanya kazi hiyo kila usiku na hawamo kwenye namba. Utafiti uliofanyika katika mikoa ya Mwanza na Kigoma na kuchapishwa 2011 ulikuta kuwa madaktari wasaidizi, wanaofahamika kama AMO, ndio waliofanya takriban asilimia 85 ya upasuaji wa kujifungua. Utafiti mwingine wa mwaka 2009 katika hospitali za wilaya nchini ulilinganisha kazi yao na ya madaktari wenye shahada, haukuona tofauti ya maana katika matokeo ya akina mama. Msumbiji imekuwa ikiwafunza wataalamu wa ngazi ya kati wa upasuaji tangu miaka ya 1980, na Malawi nayo inawategemea matabibu wake.

Kwa kipimo cha Kamisheni, wilaya yenye madaktari wasaidizi watatu hodari na wilaya isiyo na mtu kabisa zinapata alama sawa: sifuri. Hilo lina madhara. Asiyehesabiwa hapangiwi mafunzo ya kujiendeleza, hapewi usimamizi wa bingwa kwa simu, na akistaafu hakuna anayeona pengo. Simaanishi kuwa tuache kusomesha mabingwa. Namaanisha tuhesabu mikono yote inayoshika kisu, pamoja na ile inayotoa usingizi, kisha tuseme wazi nani ana elimu ipi.

Wingi hausemi ni upasuaji gani

Kipimo cha tatu ni idadi ya upasuaji. Kati ya upasuaji takriban milioni 313 unaofanyika duniani kila mwaka, ni asilimia sita tu hufanyika katika nchi maskini zaidi, ambako huishi zaidi ya theluthi ya watu wote. Kamisheni ilikadiria kuwa dunia inahitaji upasuaji mwingine milioni 143 kila mwaka. Katika utafiti ule wa nchi 25, idadi ya kati ilikuwa upasuaji 212 kwa kila watu 100,000. Lengo, kama nilivyosema, ni 5,000.

Namba hizi zinatuonyesha ukubwa wa njaa iliyopo. Lakini ukizichukua peke yake zinaweza kukupotosha. Theluthi ya upasuaji wote katika utafiti ule ilikuwa ya kujifungua. Hospitali inaweza kuongeza upasuaji wa kujifungua mwaka hadi mwaka, ikaonekana inasonga mbele, huku wenye ngiri, mifupa iliyovunjika, watoto wenye mguu kifundo na wenye mtoto wa jicho wakiendelea kurudishwa. Na upasuaji wa kujifungua wenyewe una pande mbili: kuna mama anayefariki kwa kuukosa, na kuna anayefanyiwa bila kuuhitaji. Kwenye jumla ya mwaka, wa pili anaongeza namba kama wa kwanza.

Vifo ambavyo rejista haivioni

Turudi kwa mzee wangu. Alifariki siku ya sita, wodini. Kitabu cha chumba cha upasuaji kilishamaliza habari zake usiku ule. Kitabu cha wodi kiliandika kifo, sababu ikiwa maambukizi. Vitabu hivi viwili havikukutana. Mwisho wa mwezi, taarifa ya MTUHA iliyopelekwa wilayani ilionyesha upasuaji mmoja zaidi na kifo kimoja wodini, bila uzi wa kuviunganisha.

Hali hii si ya hospitali moja. Utafiti wa nchi 25 ulikuta kuwa asilimia 2.1 ya waliopasuliwa walifariki, mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa wagonjwa wetu walikuwa vijana zaidi na wenye maradhi mengine machache. Jambo la kushtua ni lini walifariki: zaidi ya vifo tisa kati ya kumi vilitokea baada ya siku ya upasuaji. Maana yake ni kwamba mgonjwa hafi mezani. Anafia kitandani, usiku, pale muuguzi mmoja anapohudumia wagonjwa 40 na hakuna aliyeona kuwa mapigo ya moyo yanapanda na mkojo umepungua.

Kwa akina mama ndiyo inauma zaidi. Uchambuzi wa takwimu hizohizo, uliochapishwa 2019, ulionyesha kuwa vifo vya akina mama baada ya upasuaji wa kujifungua barani Afrika ni mara 50 ya vile vya nchi tajiri.

Vifo vya baada ya upasuaji vinaweza kupungua, na mfano mmoja uko nyumbani. Mwaka 2009 zilichapishwa takwimu za majaribio ya orodha ya WHO ya usalama wa upasuaji, ile karatasi ya kuhakikisha jina la mgonjwa, dawa ya kuzuia maambukizi na hesabu ya vitambaa kabla ya kufunga jeraha. Ilijaribiwa katika hospitali za miji minane duniani, ikiwamo Ifakara, mkoani Morogoro, sambamba na London, Toronto na Seattle. Kwa jumla ya hospitali hizo, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Ilijulikana kuwa vimeshuka kwa sababu vilihesabiwa kabla na baada.

Kuna tahadhari moja. Kiwango cha vifo kikiwa kidogo mno, usikimbilie kupiga makofi. Hospitali inayowapa rufaa wagonjwa wote mahututi itaonekana salama kuliko inayowapokea. Mgonjwa aliyefia kwenye gari la wagonjwa njiani hayumo kwenye kitabu cha yeyote. Kama vifo vitatumika kuadhibu, watumishi watajifunza kukwepa wagonjwa wagumu. Vikitumika kujifunza, wataandika ukweli.

Gharama ya aliyebaki nyumbani

Kamisheni ilikadiria kuwa watu milioni 33 kila mwaka hubeba gharama ya kuwaangamiza kwa kulipia upasuaji na ganzi. Ukijumlisha nauli, chakula na malazi ya ndugu, wanaongezeka wengine milioni 48. Gharama huhesabiwa kuwa ya kuangamiza pale inapozidi asilimia kumi ya mapato ya kaya kwa mwaka. Ng'ombe wawili wa familia ile, kwa makadirio yangu, walizidi hapo.

Lakini kwa miaka minane kabla ya usiku ule, mzee hakutumia hata shilingi moja kwa ngiri yake. Katika kipimo cha fedha alikuwa mtu aliyelindwa vizuri! Kipimo kinachohesabu waliolipa hakiwaoni walioshindwa kulipa. Nchi ambayo maskini wake hawathubutu kwenda hospitali inaweza kuonekana haina watu waliofilisiwa na upasuaji.

Hili lina uzito sasa kwa sababu ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023. Swali la kuiuliza bima hiyo ni zaidi ya idadi ya kadi zilizotolewa. Tuulize: je, mkulima mwenye ngiri isiyo ya dharura atapasuliwa mwaka huu, kabla haijabana? Ngiri ikirekebishwa mapema ni kazi ndogo na mgonjwa hurudi nyumbani haraka. Ikisubiriwa inakuwa kazi ya saa nane usiku.

Tupime nini basi?

Wapo watakaosema wahudumu wetu wamechoka na vitabu, na wana haki. Muuguzi wa zamu tayari ana rejista nyingi kuliko mikono. Kwa hiyo sipendekezi rundo la fomu mpya. Napendekeza tutumie vizuri yale yanayoandikwa, na tuongeze machache yenye maana.

Kwanza, rejista ya chumba cha upasuaji iwe na saa mbili: saa mgonjwa alipofika hospitali na saa kisu kilipogusa ngozi. Tofauti kati ya hizo itatuambia mengi kuliko ramani yoyote.

Pili, namba ya mgonjwa iwe moja kuanzia mapokezi hadi wodini, ili kifo cha siku ya sita kirudi kuonekana kwenye kitabu cha upasuaji. Kwa kuwa karibu kila familia sasa ina simu, kupiga simu moja siku ya 30 kuuliza hali ya mgonjwa si jambo la gharama kubwa.

Tatu, kila hospitali iandike siku ambazo chumba chake hakikufanya kazi, na sababu: hakuna mtaalamu wa usingizi, hakuna oksijeni, hakuna umeme, hakuna damu. Hicho ndicho kitabu ambacho mkurugenzi wa halmashauri anapaswa kukisoma kabla ya kupanga bajeti.

Nne, waandikwe waliopewa rufaa na waliorudishwa nyumbani. Na mara moja kwa miaka kadhaa, tafiti za kaya ziulize: kuna mtu humu ndani mwenye tatizo linalohitaji upasuaji, na kwa nini hajafanyiwa? Huko ndiko mzee wangu angeonekana, miaka minane kabla.

Kupima kunaweza kubadilisha mambo. Vifo vya uzazi Tanzania vilikadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa kitaifa wa 2015/16, na 104 katika ule wa 2022. Wataalamu wanaweza kujadili ukubwa wa mshuko huo, lakini hakuna anayebisha kuwa namba ile ya kwanza iliwaamsha viongozi. Kila mkoa ulianza kuulizwa kuhusu kila mama aliyefariki. Aliyefariki kwa ngiri, kwa kidole tumbo kilichopasuka au kwa mfupa uliooza baada ya ajali ya bodaboda, nani anaulizwa?

Nawe msomaji

Wakati serikali ikijipanga, yapo ya kufanya nyumbani.

Kama una ngiri, busha, uvimbe unaokua au tatizo lolote uliloshauriwa kufanyiwa upasuaji, usisubiri libane. Nenda ukiwa na nguvu na muda wa kuchagua. Ngiri ikitoka ikagoma kurudi, ikauma au ukaanza kutapika, hiyo ni dharura ya saa, si ya siku.

Kama kuna mjamzito nyumbani, fahamuni mapema kituo gani kilicho karibu kinachofanya upasuaji usiku na mchana, siyo kile chenye jengo tu. Ulizeni kliniki. Hifadhini namba ya bure 115 ya mfumo wa usafiri wa dharura wa M-mama, na mwafikiane kabla kwamba uamuzi wa kwenda hospitali hautasubiri mtu aliye safarini.

Changia damu ukiwa mzima. Chumba cha upasuaji kisicho na damu hakimsaidii anayevuja.

Na kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, diwani akisema tumejengewa chumba cha upasuaji, mpigie makofi, kisha muulize kwa adabu: mwezi uliopita watu wangapi wamepasuliwa humo, na wangapi kati yao wako hai leo? Akiwa na jibu, tuko kwenye njia nzuri. Akiwa hana, umemsaidia kujua cha kuuliza akirudi halmashauri.

Tukutane wiki ijayo.